Kabla ya Kusugua

Katika nyumba nyingi za kwetu, weusi juu ya chuma una maana moja: uchafu. Sufuria iliyoshinda kwenye kuni hutolewa uani, ikasuguliwa kwa majivu na mchanga, siku hizi kwa stilwaya na sabuni ya unga, mpaka masizi yote yatoke na aluminiamu ing'ae. Kisha huanikwa kichanjani ikiwa imefudikizwa, mgongo juu, apitaye aone. Malezi ya binti yalipimwa hapo. Ya kaka yake hayakupimwa popote, lakini hayo tuyaache kwa leo.

Katika adabu hii ya kung'arisha ameingia mgeni: kisu cheusi. Bapa lake ni jeusi tititi tangu siku kilipotoka dukani, na aliyekitengeneza alikusudia kiwe hivyo. Pengine kimeletwa na ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo. Pengine kimenunuliwa Kariakoo katika seti ambayo kila kisu kina rangi yake. Pengine ni panga jipya la shamba lililopakwa vanishi nyeusi, makali peke yake yakiachwa wazi. Kikishatumika kwa muda, kinaanza kuonyesha madoa, mistari ya kijivu na kingo zilizochubuka. Mwenyewe anakigeuzageuza, anajiuliza atakisafisha vipi na sura yake itarudi vipi. Mkono wake, uliofundwa na sufuria, una jibu kabla kichwa hakijafikiri.

Jibu hilo ndilo mara nyingi linalokiharibu kisu. Alama juu ya bapa lililopakwa ni za aina mbili, na kwa kutazama tu ni vigumu kuzitenganisha. Kuna alama ya kitu kilichoongezeka juu ya mpako, na kuna alama ya mpako uliopungua. Ya kwanza huondolewa. Ya pili haiondoleki, kwa kuwa pale hakuna cha kuondoa; ukiisugua, unaipanua. Kazi yote ya kusafisha na kurejesha sura ya kisu imesimama juu ya kuzijua hizi mbili, na ndiyo maana naiona ni kazi ya kufikiri zaidi kuliko ya misuli.

Weusi wa kwanza wa kisu haukubuniwa kiwandani. Chuma kikitolewa motoni kikiwa chekundu, hewa hukivika papo hapo gamba la oksidi, jeusi au la kijivu kilichokolea. Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki hufua visu na mapanga kutokana na springi za malori yaliyochakaa, na kazi ikikamilika hunoa makali peke yake. Bapa hubaki na rangi ya moto. Sijamsikia mnunuzi akilalamika kwamba kisu cha mhunzi ni kichafu. Anaona makali meupe yamekaa kwenye bapa jeusi, anajua hivyo ndivyo kilivyozaliwa, anageukia bei. Na jicho hilo lina historia ndefu: Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa karibu miaka elfu mbili.

Viwanda vilichukua jambo hilohilo vikalidhibiti. Chuma cha pua huzamishwa katika mchanganyiko wa chumvi za nitrati na kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, unaochemka kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Uso wa chuma wenyewe unageuka kuwa magnetiti, oksidi nyeusi ya chuma, kwa unene wa mikroni moja au mbili, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapa hakuna kilichopakwa. Chuma kimejigeuza juu, kikabaki chuma chini. Njia nyingine ni ya fosfati: mwaka 1906 Mwingereza Thomas Watts Coslett alipata hataza ya kukinga chuma kwa asidi ya fosforiki, na mwaka 1915 ikaanzishwa nchini Marekani kampuni ya Parker iliyoieneza njia hiyo. Silaha nyingi za Wamarekani katika Vita vya Pili vya Dunia zilivikwa uso huo wa kijivu kizito, usiong'aa, wenye chembechembe ndogo.

Oksidi na fosfati zina siri ambayo muuzaji haitaji: peke yake hazizuii kutu sana. Zimejaa vitundu visivyoonekana, na kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Ni utambi: ukikauka, hauna faida. Mtu anayesugua bapa la namna hii kwa sabuni mpaka liwe kavu kabisa, kisha akalirudisha kwenye droo, ameliacha na rangi yake akaliondolea kinga yake. Baada ya wiki mbili za masika atalikuta na vumbi la rangi ya kahawia, atasema rangi ilikuwa ya bandia.

Weusi ulipata pia sifa ya kivita. Kuanzia 1941 kiwanda cha Wilkinson Sword cha London kilitengeneza kisu kilichobuniwa na William Fairbairn na Eric Sykes, wanaume wawili waliokuwa wametumikia polisi wa Shanghai, kwa ajili ya makomando wa Uingereza. Mabapa ya mwanzo yaling'aa. Ya baadaye yalifanywa meusi, kwa sababu bapa linalomulika usiku humponza alishikaye. Tangu hapo kisu cheusi kimetembea na heshima ya askari, hata pale ambapo mwenyewe hamfichi mtu yeyote, anakata vitunguu na kufungua maboksi. Sioni ubaya wa kupenda sura. Ila anayetaka kurejesha weusi inafaa ajue anarejesha nini: kinga, au umbo la heshima ambalo kazi yake ya kila siku haikuwahi kulihitaji.

Mipako ya pili ni ile inayowekwa juu ya chuma kutoka nje, nayo ina tabia tofauti kabisa. Ipo ya unga wa plastiki unaopulizwa kisha ukaokwa kwenye tanuri kwa nyuzi 180 hadi 200 hivi. Huwa nene, mikroni 60 na kuendelea, na kwa kweli ni rangi iliyopikwa. Ipo ya Teflon, kitu alichokigundua Roy Plunkett mwaka 1938 alipokuwa akichunguza gesi za majokofu; inateleza, chakula hakiigandi, lakini ni laini. Na ipo ile ya ghali, inayowekwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, ambamo chembe za elementi hurushwa juu ya bapa moja baada ya nyingine. Nitridi ya titani hutoa rangi ya dhahabu. Kaboni iliyopangika kwa namna inayokaribia almasi hutoa weusi wa makaa ya mawe. Tabaka hilo huwa la mikroni chache tu, lakini ugumu wake ni mara mbili au zaidi ya ugumu wa pua ya kisu chenyewe.

Ugumu huo ndio unaozaa kichekesho ninachokipenda kuliko vyote katika mambo haya. Kisu cha kaboni-almasi kimekwangua kufuli ya shaba, kimefungua mkebe, kimepita juu ya msumari. Juu ya weusi wake imetokea mistari ya fedha na ya manjano. Mwenyewe anasononeka: kimechubuka, pesa zangu zimekwenda. Lakini vitu viwili vikisuguana, kilicho laini ndicho kinachoacha unga wake juu ya kilicho kigumu. Mstari ule wa manjano ni shaba ya kufuli. Ule wa fedha ni chuma cha mkebe. Kisu hakikupoteza kitu. Kimeondoka na vipande vya vitu kilivyopambana navyo, na mwenyewe anaomboleza ushindi.

Dawa yake ni kifutio cha penseli, kile cha mtoto wa shule. Unasugua taratibu, mstari unafifia, weusi unabaki. Na kipimo cha kujua uko upande upi ni ukucha. Upitishe kwa kukingamisha mstari. Ukikwama, kuna bonde. Hapo mpako umepungua. Ukipita pasipo kuhisi kitu, au ukahisi mwinuko mdogo, kuna kitu kimeongezeka. Kipimo hiki hakina gharama, na kingeokoa mabapa mengi kama kingetangulia stilwaya.

Utomvu nao ni katika vilivyoongezeka. Anayekata fenesi anajua: ule ulimbo hauogopi maji wala sabuni, na ukikauka juu ya bapa jeusi unaacha utando wa kahawia unaofanana na mpako uliooza. Wenye uzoefu hupaka kisu mafuta kabla ya kukata. Aliyesahau arudi kwa mafuta yaleyale: ya nazi kwa kitambaa laini, au mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni na maji ya uvuguvugu. Utomvu wa miti huyeyuka kwa spiriti. Tina ya wapaka rangi iachwe mbali na bapa lililopakwa rangi au vanishi, kwa kuwa haitofautishi uchafu na mpako. Vyote kwake ni vya kuyeyushwa.

Kisha kuna kutu ambayo si ya kisu. Hapa inabidi tukitazame kisu cha stenlesi, ambacho watu hudhani hakina mpako wowote. Mwaka 1913, huko Sheffield, Harry Brearley alitengeneza chuma chenye kromu ya kutosha kukifanya kisishike kutu kwa urahisi. Siri yake ni kwamba kromu, ikifika walau asilimia 10.5 hivi ya chuma, huungana na hewa na kufanya utando usioonekana, wa nanomita chache tu, unaolifunika bapa lote. Kwa hiyo stenlesi nacho ni kisu kilichovikwa. Vazi lake halina rangi, nalo ndilo pekee, kati ya yote niliyoyataja, linalojishona lenyewe likikwaruzwa, mradi liwe safi na lipate hewa.

Sasa lete stilwaya. Nyuzi zake ni chuma cha kawaida. Zikisugua stenlesi huacha vipande vidogo sana, na vipande hivyo, usiku mmoja tu wa unyevu, hupata kutu. Asubuhi kisu kina vidoa vya kahawia, na lawama inamwendea aliyekiuza: wamesema hakishiki kutu, tazama. Kutu ile imeletwa na kilichotumika kukisafisha. Mwenyewe akiiona, huongeza stilwaya. Yupo pia anayekiloweka kwenye maji ya jiki ili kiwe cheupe na kisicho na vijidudu. Klorini hulitoboa vazi lile la kromu na kuchimba vishimo ambavyo hakuna kifutio kitakachovifuta.

Hapo tumeshaingia upande wa pili, wa kilichopungua, na lazima kusema wazi kwamba si kila kitu hurudi. Kaboni-almasi ikishatoka, haina njia ya nyumbani. Inahitaji kile chumba kisicho na hewa, na kabla ya hapo mabaki ya zamani yaondolewe. Gharama yake kwa kisu kimoja huwa haina maana. Wapo wanaojaza pengo kwa kalamu ya wino mzito. Hiyo ni wanja. Haidhuru kisu, lakini bapa linalogusa chakula lisipakwe.

Rangi ya unga ikibanduka, hatari iko pembeni ya tundu, pale ambapo rangi bado inaonekana nzima. Maji hujipenyeza chini yake. Chuma kikigeuka kutu huongezeka ujazo mara kadhaa, kwa hiyo kutu huisukuma rangi juu, rangi hupasuka, maji yakaingia zaidi. Anayepaka rangi mpya juu ya hali hiyo anafunga mlango mwizi akiwa ndani. Palipolegea pote pakwanguliwe mpaka rangi inayokataa kutoka, msasa ufike kwenye chuma cheupe, ndipo mtu aamue: apake upya, au aliache bapa wazi na kulitunza kwa mafuta. Panga la shamba sioni sababu ya kulipaka. Ile vanishi ya dukani liliwekewa ili livuke bahari na kukaa ghalani bila kushika kutu. Likishaanza kazi, majani na udongo vitaimaliza, na hakuna kilichoharibika. Nguo ya safari huvuliwa ukifika.

Oksidi nyeusi ndiyo inayopotea kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani, na kwa watu wa Pwani hupotea kwa ndimu. Kisu kilichopasua samaki hukatiwa ndimu, kikasuguliwa kwayo kuondoa shombo, na shombo huondoka kweli. Lakini asidi ya ndimu na ya siki huyeyusha magnetiti. Bapa lililokuwa jeusi linakuwa na mawingu ya kijivu, na mtu anafikiri ametoa uchafu uliokuwa umejificha, anaendelea kwa bidii zaidi. Zipo dawa za chupa za kurudisha weusi huo bila moto. Nyingi zina misombo ya seleni, ambayo ni sumu. Zifae bunduki za maonyesho na vifaa vya gereji, jikoni zisiingie. Tena weusi wake ni dhaifu, hufutika kwa matumizi kidogo.

Ninayoipenda mimi ni njia ambayo chakula chenyewe hutufundisha. Mwanamke wa Bukoba au wa Moshi anayemenya ndizi mbichi anajua kwamba utomvu wake hutia weusi mikono na kisu. Weusi wa kisu unatokana na tanini ya ndizi ikikutana na chuma. Zikiungana, hufanya rangi nyeusi ya kibuluu isiyoyeyuka kwa maji. Juu ya kisu cha chuma cha kawaida, kisicho stenlesi, huanza kwa madoa na baada ya miezi huwa utando mmoja wa kijivu kilichokolea, na chuma kilichovaa utando huo hakishiki kutu upesi kama chuma kitupu. Huu ni mfano wa alama iliyoongezeka ambayo haifai kuondolewa. Ukucha hauikamati, kifutio hakiitoi, na stilwaya ikiitoa inakirudisha kisu kwenye uchi wa siku ya kwanza.

Anayetaka kuuharakisha anaweza. Bapa lioshwe kwa sabuni, lifutwe kwa spiriti mpaka lisiwe na alama ya kidole, kwa kuwa kila palipo na mafuta patabaki peupe. Chai ya rangi ichemshwe mpaka iwe chungu isiyonyweka, itiwe siki, na kisu kizamishwe mpaka shingoni kikiwa hakigusi kitu. Asidi inafungua uso wa chuma, tanini ya majani ya chai inaujibu. Kila baada ya muda kitolewe, kitazamwe, kirudishwe. Kikikolea, kisuuzwe vizuri, kikaushwe, kipakwe mafuta. Weusi huu hautakuwa ule wa kiwandani. Utakuwa na kina kisicho sawa, pengine mistari, pengine doa moja lisilokubali. Anayeona hiyo ni kasoro arudie. Anayeona ni sura ya kisu chake atakuwa amemaliza kazi mapema.

Si njia ya watu wa jikoni peke yao. Wahifadhi wa makumbusho hupaka asidi ya tanini juu ya vyuma vya kale vilivyoanza kuliwa na kutu, ili kutu igeuke kuwa tabaka jeusi lililotulia. Wao hawajiulizi chombo kitang'aaje. Wanajiuliza ni kiasi gani cha kilichobaki kinaweza kubaki zaidi, na wanajua kwamba mkono wenye hamu ya kung'arisha umefuta alama za nyundo, maandishi na nakshi ambazo kutu yenyewe ilikuwa imeziacha. Huo ni wasiwasi wa mtu anayeshughulika na kitu asichoweza kukitengeneza tena. Sisi tunashughulika na kisu cha kukatia mchicha, na tuna uhuru mkubwa kuliko wao; hata hivyo hofu yao kidogo ingetufaa.

Kwa maana kuna jambo ambalo mazungumzo yote ya mipako hulipita haraka. Kisu kiwe cha oksidi, cha fosfati, cha unga au cha kaboni-almasi, makali yake hayana mpako. Hata kama kiwanda kiliyapaka, kunoa kwa mara ya kwanza kumeuondoa. Fundi wa kunoa anayepita mtaani na baiskeli yake, akiiegemeza na kukanyaga pedeli jiwe lizunguke, hamwulizi mtu bapa lilipakwa nini. Cheche zinaruka, ukanda mwembamba wa chuma kitupu unatokea kwenye ukingo, na kisu kimerudi kuwa kisu. Sehemu ambayo kisu kipo kwa ajili yake ni sehemu ambayo haiwezi kuvikwa. Vazi lote linalinda kiwiliwili kisichokata.

Ndiyo maana matunzo ya kisu cheusi, mwisho wa yote, ni matunzo ya ule ukanda usio mweusi. Chuma huanza kuliwa kwa kasi hewa ikipita asilimia 60 hivi ya unyevu, na chumvi hukishusha chini kiwango hicho. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja unyevu mara nyingi hupita asilimia 70, na upepo wa baharini una chumvi yake. Anayeishi huko hana anasa ya kuosha kisu na kukiacha kwenye kichujio cha vyombo kikauke chenyewe. Kioshwe kwa mkono, kwa sifongo laini, kikaushwe kwa kitambaa papo hapo, kipakwe mafuta kidogo kiasi cha kuteleza kidoleni. Mafuta ya nazi yanafaa kisu cha chakula kwa kuwa hayagandi kuwa gundi. Ya alizeti yanaganda. Baada ya wiki chache ni utando wa kunata, na mtu atakuja kuusugua akidhani ni uchafu, turudi tulikotoka. Panga na shoka vitosheke na mafuta ya cherehani. Na ala ya ngozi, hata ikipendeza, si mahali pa kulaza kisu miezi mingi, maana ngozi hushika unyevu, na mabaki ya chumvi za kuitengenezea huwa pamoja nao.

Ukitazama kwa jicho hili, kisu kilichopoteza nusu ya weusi wake kwa kazi hakidai kurejeshwa. Kimepoteza pale kinaposhikwa, pale kinapopita kwenye ala, pale kinapogusa ubao. Ni hasara iliyopangika, na kila pengo lina sababu inayojulikana. Kinachodai ni kukaushwa. Inayostahili kushughulikiwa ni hasara isiyo na sababu ya kazi: kutu chini ya rangi, kishimo kinachokua, ufa kwenye shingo. Hizo hazijali sura; zinaelekea ndani, na siku moja zitafika kwenye makali.

Kuna pia urejeshaji ambao ni uongo, nao unapatikana sokoni kirahisi. Katika vibanda vya vifaa vilivyotumika utaliona panga kuukuu lililopakwa rangi mpya nyeusi kuanzia ncha hadi kwenye mpini. Rangi hiyo haikukusudiwa kulikinga na chochote. Imeziba vishimo ambavyo mnunuzi angevihesabu kabla ya kutaja bei. Kando yake kuna lingine, bapa lina madoa ya kijivu na kahawia iliyotulia, limekonda kuelekea makali kwa miaka ya tupa, limefutwa kwa mafuta asubuhi hiyo. La pili limeweka kila kitu mezani: kilichoongezeka, kilichopungua, na kilichobaki. Ningelinunua hilo, na ningejadiliana bei kwa kuonyesha madoa yake moja baada ya jingine. Muuzaji wa la kwanza ataapa kwamba mali yake ni mpya. Wa la pili hana haja ya kuapa; atakupa kipande cha mti ujaribu kukata.